Mbwa wa Polisi Hapigi Hodi



Vijana wenzangu, nianze na jambo tulilolelewa nalo sote. Ukifika nyumba ya mtu, unapiga hodi. Ukipiga mara tatu usijibiwe, unarudi. Ndivyo dini inavyotufunza, na ndiyo ada ya Pwani.

Sasa sikilizeni kisa hiki. Mwaka 2006, huko Miami, Marekani, polisi walipata fununu kuwa kuna nyumba inapandwa bangi. Kibali cha mahakama hawana. Wakampeleka mbwa wa kunusa mpaka mlangoni. Mbwa akanusa, akaketi, yaani harufu ameipata. Hapo ndipo wakaenda kuomba kibali, wakaingia, na bangi ikapatikana kweli.

Utasema: si wamempata nayo? Shida iko wapi?

Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 5 kwa 4, ilisema shida ipo. Jaji Antonin Scalia alieleza kuwa desturi inamruhusu mgeni kufika mlangoni, kubisha, kungoja kidogo, kisha aende zake. Hakuna desturi ya kuja na mbwa kutafuta siri za ndani. Kunusa pale mlangoni ni upekuzi, na kibali kilitakiwa kabla, si baada. Kumbe ni hodi ile ile!

Lakini tusidanganyane. Mahakama hiyo hiyo, mwaka 1983, ilisema mbwa kunusa begi uwanja wa ndege si upekuzi. Na mwaka 2015 ikasema askari aliyekusimamisha kwa kosa la barabarani hawezi kukuchelewesha kumngojea mbwa bila sababu ya kukushuku.

Hukumu hizo hazizifungi mahakama za Kenya. Sisi tuna Katiba yetu ya 2010. Kifungu cha 31 kinalinda faragha: mwili wako, nyumba yako, mali yako. Kifungu cha 50 kinasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki utatupwa, ikiwa kuupokea kutaharibu usawa wa kesi. Ziko hali ambazo sheria inamruhusu polisi kupekua bila kibali, lakini lazima awe na sababu. "Nimekushuku tu kwa kanzu yako" si sababu.

Hapa hakuna anayetetea unga. Unga umetumalizia ndugu zetu, na kila mtaa una mama anayelia. Muuzaji ashikwe, lakini kwa sheria. Kesi ikianza na upekuzi mbovu, yeye ndiye wa kwanza kuponyoka, na asiye na hatia ndiye anayebaki amevunjiwa mlango.

Kwa hivyo wakija, usikimbie, usimsukume askari. Uliza jina na nambari yake ya kazi. Omba kuona kibali. Kama hana, sema kwa sauti, mbele ya majirani: "Sijakubali kupekuliwa." Kisha usipigane. Andika saa, na kilichochukuliwa. Tafuta wakili, na malalamiko yapeleke IPOA.

Heshima ya nyumba huanzia mlangoni. Tuilinde kwa ilimu, si kwa mawe.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.