Amana ya Jicho

Ndugu zangu Waislamu,

Aendaye sokoni Darajani huchagua samaki mwenyewe. Hakubali muuzaji amjazie kikapu apendavyo. Lakini katika simu, kikapu hujazwa na programu: kijana akikawia kutazama upuuzi mara moja, huletewa mfano wake tena na tena, hata sala ya Alfajiri ikampita.

Tangu mwaka 2023, sheria ya Umoja wa Ulaya huyalazimisha majukwaa makubwa kumpa mtumiaji njia ya kutopangiwa habari kwa kuchunguzwa mwenendo wake. Sisi Unguja tusingoje sheria. Tuketi na watoto wetu leo, tuwaonyeshe pa kukataa yasiyofaa na pa kuwafuata tuliowachagua wenyewe. Jicho ni amana, nasi tutaulizwa.

Wabillahi tawfiq.