Mshahara wa Mama Yake Musa

Mazungumzo ya redioni. Somo: Kutoka 2:1-10

Karibuni tuketi pamoja kwa muda huu mfupi. Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku ukisikiliza. Kama Biblia iko karibu nawe, ifungue katika kitabu cha Kutoka, mlango wa pili, tangu mstari wa kwanza mpaka wa kumi.

Leo nataka tuzungumze juu ya fedha. Sitasema juu ya sadaka wala juu ya harambee ya kujenga kanisa. Nataka kusema juu ya fedha anazopewa mtu kwa sababu analea mtoto ambaye hakumzaa.

Wengi wenu mnazikumbuka siku zile. Mwaka 1999 Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba UKIMWI ni janga la taifa. Katika vijiji vingi tulimzika baba, kisha tukamzika mama, na watoto wakabaki wakitutazama. Ni nani aliyewachukua? Wengi walichukuliwa na nyanya zao, shangazi zao, wajomba zao, na mara nyingine jirani tu ambaye hakuwa na undugu nao. Hakuna aliyewauliza walezi hao kama walikuwa na uwezo. Mtoto alisimama mlangoni, nao wakasogea ili apate mahali pa kulala.

Mwaka 2004 Serikali, ikisaidiwa na UNICEF, ilianza kujaribu mpango wa kuwapa walezi kama hao fedha taslimu. Ilianza na nyumba 500 tu, katika Kwale, Garissa na Nairobi, na kila nyumba ilipewa shilingi 500 kwa mwezi. Mpango ukakua. Kufikia katikati ya miaka ya 2010, nyumba zilizosaidiwa zilikuwa zaidi ya 200,000, na kiasi kilikuwa kimefika shilingi 2,000 kwa mwezi. Tangu mwaka 2013 mpango huo umewekwa pamoja na ule wa wazee na ule wa watu wenye ulemavu mkubwa, chini ya jina la Inua Jamii. Tena sikiliza jambo hili: fedha hizo hutolewa kwa nyumba, hazitolewi kwa kuhesabu vichwa. Nyumba yenye yatima mmoja hupata 2,000, na nyumba yenye yatima watano hupata 2,000 hizo hizo.

Sasa, ndugu zangu, nataka kuwaambia kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Mwaka 2014 nilikuwa katibu wa kamati ya misaada katika kanisa letu. Baada ya mavuno tulikuwa tumekusanya magunia kadhaa ya mahindi na maharagwe, nasi tukaketi kugawa. Katika orodha lilikuwamo jina la nyanya mmoja. Alikuwa akilea wajukuu watatu, na pamoja nao kijana mmoja, mtoto wa jirani yake aliyekufa. Tulipolifikia jina lake, mzee mmoja akasema, "Huyu analipwa na Serikali. Tuwape wasiokuwa na kitu." Mwingine akaongeza kwamba watu wanasema mama huyu anafuga yatima kama mtu afugavyo kuku wa mayai. Baadhi yetu tukacheka. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, nami nikalikata jina lake.

Mwaka huo malipo yalichelewa, mwezi ukaja na mwezi ukapita. Sisi hatukujua, kwa maana hatukuuliza. Yule nyanya aliendelea kuja kanisani kila Jumapili na kuketi mahali pake pa siku zote. Hakusema neno.

Siku moja nilitumwa kununua kokoto za kujengea chumba cha wachungaji. Nilipofika machimboni niliwakuta watu wameketi chini wakiponda mawe, na katikati yao nikamwona yule kijana. Alikuwa wa darasa la saba. Vidole vyake viwili vilikuwa vimefungwa kitambaa. Nikamwuliza, "Kwa nini hauko shuleni?" Akajibu, "Nyanya hajalipwa, Pasta." Nikamwambia, "Mbona hamkuja kanisani?" Akatazama chini, akasema, "Nyanya alisema tusiwasumbue. Alisema nyinyi mmeshamaliza maneno yake."

Ndugu msikilizaji, kokoto nilizokuwa nataka kununua kwa ajili ya nyumba ya Mungu zilipondwa na mtoto ambaye mimi nilikata chakula chake.

Jioni ile nilikwenda kwa yule mama. Alinikaribisha, akanipa chai ya rangi, na hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu. Alisema, "Pasta, nilipomchukua mtoto huyu, mama yake alikuwa amezikwa siku hiyo hiyo, na hakukuwa na mtu wa kunilipa chochote. Miaka minne baadaye jina langu likasomwa katika baraza la chifu, nami nikashukuru. Sasa wanasema nauza watoto. Niambie, je, ni dhambi kupokea?" Sikuwa na jibu. Niliomba pamoja naye, nikarudi nyumbani, na usiku ule nikaifungua Biblia mahali hapa tulipofungua leo.

Habari hii mnaijua tangu shule ya Jumapili. Farao ameamuru watoto wa kiume wa Waebrania watupwe mtoni. Mama mmoja anamficha mwanawe miezi mitatu. Anaposhindwa kumficha zaidi, anatengeneza kisafina cha mafunjo, anakipaka lami, na kukiweka kando ya mto. Binti Farao anakuja kuoga, anamwona mtoto akilia, na kumwonea huruma. Dada wa mtoto, aliyekuwa amesimama mbali akitazama, anajitokeza na kuuliza kama atafutiwe mama Mwebrania wa kumnyonyesha. Anakwenda kumwita nani? Anamwita mama yake mzazi. Na hapo binti Farao anamwambia mama yule amchukue mtoto, amlee, naye atampa mshahara wake.

Nilikuwa nimehubiri juu ya Musa mara nyingi. Nilikuwa nimesema juu ya kisafina, juu ya mto, na juu ya kijiti kilichowaka moto. Lakini juu ya mshahara ule sikuwa nimesema hata siku moja. Mama yake Musa alilipwa kwa kumlea Musa! Tena alilipwa na nyumba ile ile ya Farao, ambako amri ya kifo ilikuwa imetoka. Biblia haisemi kwamba aliukataa mshahara, wala haimlaumu kwa kuupokea.

Hapa nilijifunza mambo matatu.

La kwanza, upendo ulitangulia, fedha zikafuata. Kwa miezi mitatu mama yule hakulipwa na mtu, na kama angegunduliwa, mwanawe angekufa. Mshahara ulipokuja haukumfanya kuwa mama. Alikuwa mama tayari. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule nyanya. Miaka minne alilea bila senti ya mtu. Je, shilingi zilizokuja baadaye zingewezaje kufuta miaka ile minne?

Lakini neno hili lina makali pande mbili, nami sitaficha upande wa pili. Wako pia wanaomchukua mtoto kwa sababu ya fedha. Mtoto huchota maji alfajiri na kuosha vyombo usiku, na siku ya malipo ikifika, fedha huishia kwa mlezi na kwa marafiki zake. Kama ndivyo ufanyavyo, jiulize leo: malipo yakikoma, je, mtoto huyu atabaki na mahali mezani pako? Ukiona jibu ni hapana, tubu. Fedha zile ni viatu vyake, daftari lake na uji wake. Mungu ni Baba wa yatima, naye anahesabu.

La pili, kupokea msaada uliowekwa na Serikali si aibu. Hazina ya Serikali ni kodi yetu sote: ya mwenye gari, na ya yule anunuaye kiberiti dukani. Nchi inapochukua sehemu ya kodi hiyo kumlisha mtoto aliyefiwa, inatenda haki. Wachunguzi walioufuatilia mpango huu walikuta kwamba katika nyumba zilizosaidiwa, vijana wengi zaidi waliendelea mpaka shule ya sekondari, na wasichana wachache zaidi walipata mimba mapema. Basi yatupasa kumshukuru Mungu. Wewe mlezi unayesikiliza, usiinamishe kichwa.

La tatu, mshahara ule haukumwondolea mtu mwingine wajibu wake. Tazama tena pale mtoni. Yuko dada aliyesimama mbali kuangalia yatakayompata mtoto. Hakuwa na fedha wala cheo. Alikuwa na macho ya kuona, miguu ya kukimbia na ulimi wa kusema. Kama si yeye, binti Farao angekuwa na mshahara na asingekuwa na wa kumpa. Na mama angekuwa na maziwa, naye asingekuwa na mtoto wa kumnyonyesha. Huyu msichana ndiye aliyewaunganisha.

Wapendwa, nadhani kazi ya kanisa ni kazi ya dada yule. Nyanya wengi hawajui njia ya kufika ofisi ya watoto. Mtoto hana cheti cha kuzaliwa, na cheti cha kifo cha mama yake hakikuchukuliwa. Kitambulisho cha mlezi kimepotea. Je, katika ushirika wako hakuna mwalimu, karani au kijana aliyesoma ambaye anaweza kufuatana na mama huyo kwa siku moja, akasimama naye kwenye foleni? Na malipo yakichelewa, je, hakuna wa kumwuliza, "Mama, jana mlikula nini?" Shilingi 2,000 ni fedha ndogo kwa mwezi mmoja na vinywa vinne. Serikali ikitoa sehemu yake, ya kwetu inabaki pale pale. Yakobo katika waraka wake ametuambia wazi kwamba dini iliyo safi mbele za Mungu ni pamoja na kuwaangalia yatima na wajane katika dhiki yao. Hakuweka sharti kwamba tuwaangalie wale tu wasiopata kitu mahali pengine.

Nilirudi kwa yule nyanya na jibu langu. Nilimsomea habari ya mshahara wa mama yake Musa, naye akacheka kwa mara ya kwanza, akasema, "Kumbe tuko wengi." Kisha nilisimama mbele ya kamati, nikasema ni mimi niliyelikata jina lile, nikaomba msamaha, nikaliandika tena. Mzee aliyesema maneno yale alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akajitolea kumbebea gunia lake mpaka nyumbani. Kijana alirudi darasani muhula uliofuata, akiwa nyuma ya wenzake katika hesabu, na alama za kokoto zingali mkononi.

Msikilizaji, nani jirani yako anayelea mtoto wa marehemu? Umewahi kusema nini juu yake? Kabla jua halijachwa leo, nenda ukamwone.

Na tuombe. Baba wa yatima, twakushukuru kwa kila mlezi aliyefungua mlango wake. Mpe nguvu asichoke. Wale wanaozishika fedha za watoto, kuanzia ofisini mpaka nyumbani, wape mikono safi na mioyo yenye hofu yako. Sisi tuliocheka tulipopaswa kusaidia, utusamehe, na utufundishe kusimama kando ya mto tukiangalia, mpaka mtoto awe salama. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Mpaka tutakapokutana tena, Mungu awabariki.