Furushi Ndani ya Kompyuta: Je, Kubana Diski Kunapunguza Kasi?

(Muziki wa kufungulia kipindi. Unashuka, mtangazaji anaanza.)

Kama una kalamu na karatasi, ziweke karibu, maana mwishoni nitakutajia hatua za kuandika.

Leo tunajibu barua ya kijana anayesimamia chumba cha kompyuta kambini. Anasema kompyuta inayofanya kazi ni moja tu. Ni ya zamani, inatumia Windows 7, na diski yake ni ya gigabaiti 80. Sasa imejaa. Ndani yake kuna masomo ya vijana, barua ambazo akina mama waliandikiwa, orodha za vikundi, na picha za vyeti vya shule ambavyo karatasi zake zilichakaa njiani. Rafiki yake amemwonyesha kisanduku kidogo chenye maneno "Compress this drive to save disk space", yaani bana diski hii ili upate nafasi. Rafiki mwingine akamwambia: ukitia alama hapo, kompyuta yako itatembea kama kobe. Anauliza, nani anasema kweli?

Ndugu yangu, kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Lakini ipo hatari ya tatu ambayo hawakukutajia, nayo ni kubwa kuliko hiyo ya kobe. Twende polepole.

Kwanza, kubana ni nini? Fikiria karani anayeandika orodha ya watu mia moja wa kijiji kimoja. Badala ya kuandika jina la kijiji mara mia, analiandika mara moja, kisha chini yake anaweka alama ya "kama juu". Orodha ni ile ile, ila wino umetumika kidogo. Kompyuta hufanya hivyo hivyo. Inatafuta yanayojirudia, inayaandika kwa kifupi, na unapofungua faili inayarudisha kama yalivyokuwa. Hakuna neno linalopotea.

Sasa tuje kwenye kasi. Wengi wetu tunajua kufunga furushi. Ukizikunja nguo na kuzikaza kwa kamba, zinachukua nafasi ndogo. Lakini kila ukitaka shati, lazima ufungue kamba, na ukimaliza ukaze tena. Kazi hiyo ya kufunga na kufungua, ndani ya kompyuta, inafanywa na prosesa, yaani ubongo wake. Kama prosesa ni ya zamani na dhaifu, utaona uzito. Na uzito huo unaonekana zaidi wakati wa kuandika na kuhifadhi kuliko wakati wa kusoma.

Hata hivyo, si kila mara kubana kunaleta ukobe. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka, na mara nyingi hiyo ndiyo inayochelewesha kila kitu. Faili likiwa limebanwa, kuna kidogo cha kusoma kwenye sahani. Kwa hiyo barua au orodha iliyobanwa inaweza kufunguka kwa kasi ile ile, na wakati mwingine hata haraka kidogo. Lakini faili linalobadilishwa kila siku, kama daftari kubwa la mahesabu, likibanwa hukatikakatika vipande kwenye sahani, na hapo ndipo linapochelewa. Ukumbuke pia kwamba diski iliyojaa kabisa nayo huifanya kompyuta kuwa nzito, kwa sababu Windows yenyewe inahitaji nafasi ya kufanyia kazi.

Jambo lingine: si kila kitu kinabanika. Nguo hubanika, sufuria haibaniki. Barua na orodha ni nguo. Picha za simu, nyimbo za MP3 na filamu ni sufuria, maana zilikwisha kubanwa tangu zilipotengenezwa. Ukizibana tena hupati nafasi ya maana, umeichosha kompyuta bure. Basi, kijana wangu, kama gigabaiti nyingi kwenye diski yako ni filamu, kisanduku hicho hakitakusaidia.

(Muziki mfupi.)

Sasa hatari ile ya tatu. Diski ambayo Windows imekaa ndani yake, ile inayoitwa C, usiibane yote. Kuna faili dogo ambalo kompyuta hulisoma kabla ya kuamka. Likibanwa, kompyuta haiwezi kulisoma, kwa sababu bado haijaamka kiasi cha kujua kufungua furushi. Utaiwasha asubuhi, na badala ya Windows utaona kioo cheusi na maneno "BOOTMGR is compressed". Haitaendelea hapo. Darasa zima limesimama.

Ikikutokea, usiogope. Barua na vyeti havijafutika, bado vimo ndani. Fundi mwenye CD ya Windows anaweza kuirekebisha. Lakini usikubali mtu apige Windows upya kabla ya kunakili mafaili yenu. Watu wengi hupoteza kumbukumbu zao hapo, kwa mkono wa fundi mwenye haraka.

Sasa shika kalamu.

Moja. Kabla ya kugusa chochote, nakili vyeti na barua kwenye flashi, na ikiwezekana flashi mbili zinazokaa mahali tofauti. Cheti kilichopo mahali pamoja tu ni kama hakipo.

Mbili. Safisha kwanza. Toa filamu na nyimbo zisizo za masomo, kisha mwaga pipa la taka la kompyuta. Mara nyingi nafasi inapatikana hapo, bila kubana.

Tatu. Kama bado hapatoshi, bana folda moja ya barua na orodha za zamani, zile zisizofunguliwa kila siku. Bonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties, kisha Advanced, halafu tia alama kwenye "Compress contents to save disk space". Majina ya mafaili yaliyobanwa yataonekana kwa rangi ya buluu. Usiguse folda ya Windows.

Nne. Fanya kazi hiyo wakati umeme wa sola una nguvu na betri imejaa. Usiikatize katikati.

Tano. Usijaze tena nafasi yote uliyoipata. Siku ukitaka kufungua furushi, utahitaji mahali pa kutandaza nguo. Vilevile, faili lililobanwa ukilipeleka kwenye flashi hurudi ukubwa wake wa kwanza, kwa hiyo hakikisha flashi ina nafasi ya kutosha.

Basi, jibu letu kwa kijana ni hili: kubana folda ya barua za zamani hakutakugeuzia kompyuta kuwa kobe. Kubana diski nzima kunaweza kuizuia isiamke kabisa. Na wewe msikilizaji unayemwachia mtu mwingine cheti chako ndani ya kompyuta ya wote, leo jioni muulize: "Nakala yangu ya pili iko wapi?" Ni haki yako kuuliza, na asikasirike.



(Muziki wa kufungia.)