Ukitoka Jeshini, Bima Yako Isilale

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Sironga)

Leo naongea juu ya vijana wanaotoka jeshini halafu wanaajiriwa tena na serikali, huyu dereva, yule mlinzi, mwingine karani. Najua kuna mama hapa anajiuliza, hao wana mshahara, sisi wa majani chai tunaingiaje? Ngoja kidogo, mama.

Mimi nina mpwa wangu. Alitoka jeshini, akakaa nyumbani miezi kadhaa, halafu akapata udereva katika ofisi moja ya umma. Tulichinja kuku. Hata mshahara wa kwanza haujafika, mke wake akashikwa na uchungu, akapasuliwa. Pale kwa dirisha la malipo kompyuta ikasema bima haijalipwa. Kijana akabisha: "Mimi nimekatwa miaka yote nikiwa jeshini!" Kweli alikatwa. Lakini bima si akiba ya benki, ati uliyoweka jana unatoa leo. Ng'ombe wawili walienda, na mmoja alikuwa wa maziwa ya watoto.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tuko chini ya SHA. Ile NHIF tuliyoizoea tangu 1966 imekwisha. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, yaani mtu wa shilingi 30,000 anakatwa 825, na mwajiri anatakiwa kuzipeleka kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Mshahara ukikoma, makato nayo yanakoma. Sasa asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Anaulizwa maswali juu ya nyumba yake na mali yake, ndipo anapangiwa kiasi. Cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, ndiyo 3,600 kwa mwaka. Katikati ya mshahara wa zamani na mshahara mpya kuna shimo, na mpwa wangu alitumbukia humo.

Kule Marekani wana sheria ya mwaka 1994. Mfanyakazi aliyekwenda jeshini akirudi kwa mwajiri wake, bima ya kazini inaanza tena bila kungojeshwa. Kwetu kijana harudi kwa kazi aliyoiacha. Anaomba upya, anapanga foleni kama wengine. Na tusisahau wazee wetu wa KAR waliopigana Burma mwaka 1944. Wangapi walirudi na malaria na vidonda, wakatibiwa kwa dawa za miti tu!

Basi, kijana akikaribia kutoka, asingoje. Apige *147# aangalie kama yeye, mke na watoto wote wameandikwa. Mara nyingi mtoto wa mwisho hayumo. Aulize pia huko huko jeshini juu ya DEFMIS, bima yao ya waliostaafu, kama inamhusu. Karatasi za kutoka jeshini azitunze, si kuziweka juu ya dari panya wakale. Akishaajiriwa, aangalie slipu ya kwanza ya mshahara. Makato yasipoonekana, aende kwa ofisi aulize kwa heshima, lakini aulize.

Kuandikwa peke yake kunakusaidia kwa zahanati na kituo cha afya, hapo hutozwi. Lakini kulazwa na kupasuliwa katika hospitali kubwa, lazima uwe umelipa. Watu wengi wanachanganya haya mawili.

Sasa mama wa majani chai, hapa ndipo unaingia. Vikundi vyenu vinakopesha watu pesa ya mbolea na karo. Mkopesheni mama wa huyo kijana hiyo ya mwaka mmoja, arudishe pole pole kijana akianza kulipwa. Sisi tungefanya hivyo, wale ng'ombe wangekuwa zizini.

Mwenye kijana anayetoka mwaka huu abaki kidogo tukimaliza. Aje na simu na kitambulisho, tuangalie pamoja.