Ngozi Inayowasha Kando ya Stoma

Mgonjwa aliyewekewa stoma, yaani tundu la tumboni la kupitishia choo, hapaswi kuvumilia ngozi inayowasha au kuchubuka. Mara nyingi chanzo ni choo kinachovuja chini ya kibandiko cha mfuko. Stoma hupungua ukubwa wiki 6 hadi 8 za kwanza baada ya upasuaji, hivyo kipimo cha awali huwa kikubwa mno. Apime upya, akate kibandiko akiacha nafasi ya milimita 2 hadi 3 tu. Aoshe ngozi kwa maji vuguvugu, aikaushe taratibu, asipake mafuta, kwani kibandiko hakitashika. Mfuko ukivuja, aubadilishe; asiongeze plasta juu. Vidonda visipopona, amwone muuguzi. Stoma ikigeuka nyeusi, aende hospitali mara moja.