Ngapi ni za Mtu wa Kibarua?



Kila mwezi aliyeajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya nyumba, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Ndiyo Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024. Sasa sikizeni: sheria hiyo hiyo ina daraja la nyumba za kijamii, za anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Nani huyo? Ni ndugu yako wa boda, ni dada wa viazi karai, ni wewe wa kibarua.

Basi mradi ukiletwa mtaani kwenu, usitosheke na picha ya ghorofa kwenye bango. Nenda barazani, uliza: za kijamii ni ngapi? Wapangaji wa zamani watarudi kwa masharti gani? Malipo ya kila mwezi yana riba? Hilo Muislamu hawezi kulipita kimya. Na majibu yaandikwe, si kutajwa tu.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema makao ya kufaa ni haki ya kila mtu. Kwa hivyo hatuendi kuomba. Tunaenda kuuliza pesa zetu zinajengea nani.

Tukutane barazani, na tufike mapema.