Mbunge ni wa Chama au wa Watu?

Vijana wenzangu, najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja.

Leo sitaki kuongea juu ya rais. Marais tushawaongea sana. Nataka tumtazame yule anayekaa bungeni na kupiga kura. Rais akitaka vita, huyu ndiye anayeweza kumwambia ngoja kwanza.

Turudi Oktoba 2002, Marekani. Rais George W. Bush anataka idhini ya kuivamia Iraq. Tarehe 10, Bunge la Wawakilishi likapiga kura: 296 ndiyo, 133 la. Hebu tuzifungue hizo namba. Republican, chama cha rais, waliosema ndiyo ni 215. Waliokataa? Sita! Kwa Democrat, 81 waliunga mkono na 126 wakakataa. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Seneti nayo ikapitisha, 77 kwa 23. Maseneta wa chama cha rais walikuwa 49. Aliyekataa ni mmoja tu, Lincoln Chafee.

Sasa jiulizeni. Watu wote hao, kila mmoja na kwao, walifikiri sawasawa kuhusu nchi ya mbali? Mimi siamini. Naona wengi waliacha swali la Iraq wakajibu lingine: uko na sisi ama hauko na sisi?

Na wale wa upinzani waliosema ndiyo, msiwasamehe haraka. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu Septemba 11, na uchaguzi ulikuwa Novemba 5, chini ya mwezi mmoja. Nani alitaka kuitwa msaliti?

Kulikuwa na ripoti ya siri ya ujasusi, kurasa tisini na kitu, na wabunge waliruhusiwa kuisoma. Seneta Bob Graham, mwenyekiti wa kamati ya ujasusi, aliisoma na akapiga kura ya la. Wenzake wengi hawakuifungua. Vita vikaanza Machi 2003. Zile silaha za maangamizi walizoambiwa zipo, hazikupatikana. Wanajeshi wa Marekani karibu 4,500 wakafa. Wairaqi, zaidi ya laki moja.

Kuna mmoja nataka mumkumbuke: Walter Jones, Republican wa North Carolina. Alisema ndiyo, tena kwa kelele. Ufaransa ilipopinga vita, yeye ni mmoja wa waliofanya chipsi za mkahawa wa bunge zibadilishwe jina, zisiitwe tena za Kifaransa. Kisha akaenda mazishi ya mwanajeshi kijana, akamwona mjane na watoto. Ikamkaa moyoni. Kufikia 2005 alikuwa akidai hadharani majeshi yarudi nyumbani. Aliandikia familia za waliofariki barua zaidi ya 11,000, akatundika picha zao nje ya ofisi yake. Chama kilimnunia, akaondolewa kwenye kamati, lakini watu wa jimbo lake, lenye kambi kubwa ya wanajeshi, waliendelea kumchagua mpaka alipofariki 2019.

Namheshimu. Lakini ukweli mchungu ni huu: barua 11,000 hazifuti kura moja. Majuto ni mjukuu.

Na sisi? Katiba yetu, kifungu cha 95, inasema Bunge la Taifa ndilo linaloidhinisha kutangazwa kwa vita. Na tangu Oktoba 2011, wanajeshi wetu walipoingia Somalia, tunajua majeshi yetu pia huvuka mpaka. Kwa hivyo hili si jambo la Wamarekani peke yao.

Mheshimiwa akija mtaani kuomba kura, msimuulize yuko chama gani. Fulana yake itawaambia. Muulizeni hivi: ni lini ulipiga kura kinyume na chama chako, na kwa sababu gani? Akianza kuzunguka zunguka, mshajua siku ya vita atasimama upande gani.

Maswali sasa, tuanze na nyinyi wa nyuma.